Jinsi Ng'ombe wa Rose Walivyoingia Kwenye Injini

Kaka yangu Machibya ameendesha lori miaka kumi na tisa na hajui kufungua hata nati moja. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia namwonea. Mkolani nzima wanamwita Dereva. Kilabuni wanamwachia kiti chake, naye huketi amekunja nne, funguo zinaning'inia kidoleni, anasimulia habari za injini kama katekista anavyosimulia habari za mbinguni, yaani mahali ambapo hajawahi kufika.

Mimi ni Dorotea, mdogo wake wa tumbo moja. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri katika shirika lilelile la umma alilokuwa akiendesha. Kila kipuri kilichokwenda kwenye malori yale kilipita mikononi mwangu kwanza, nikakigonga namba ya stoo kwa nyundo na muhuri wa chuma, ndipo nikakitoa. Kwa hiyo nikiongea habari za lori, siongei ya kuambiwa.

Shirika lilikufa mwaka tisini na tatu. Walikuja watu wenye mafaili na tai, wakatukusanya yadi, wakatueleza saa mbili nzima kwamba sasa uchumi ni wa soko huria. Maana yake tuliielewa mwishoni walipotuambia kesho tusije. Tukapewa kiinua mgongo, kila mtu akaenda kuhangaika kivyake. Mimi nikanunua bero la mitumba. Antoni, fundi wetu wa gereji, akanunua jeki na spana za shirika, akafungua gereji bubu kando ya barabara hapa hapa Mkolani. Na kaka yangu? Siku ya mnada, palipokuwa na malori kumi na moja yadi, yeye alinunua lilelile alilokuwa akiliendesha, Bedford la mwaka sabini na nne.

"Namjua huyu kama mke wangu," akasema mbele ya watu.

Mke wake alimkimbia mwaka themanini na sita. Watoto wao wawili, Rose na Maige, nimewalea mimi kwa mshahara wa stoo. Lakini haya, watu walimpigia makofi, naye akapanda akakaa nyuma ya usukani akitabasamu kama bwana harusi.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana hapo ndipo roho yangu inapoumia. Rose aliolewa mwaka tisini na tano, kule Magu, na mgane wa makamo mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Rose hakumpenda. Aliniambia mwenyewe tukichambua mchele: "Shangazi, mimi nikubali tu, Maige naye aoe." Kwetu sisi ndivyo ilivyo. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka yake. Hata baba hana ruhusa ya kuwachezea, yeye ni mchungaji wao tu mpaka siku ya kijana ifike. Wakaja ng'ombe kumi na watatu, tukawaweka Kisesa kwa ndugu yetu mwenye malisho. Maige alikuwa ameshamwona Sabina, binti wa Nkwabi wa hukohuko Kisesa. Nkwabi akataka kumi na wawili, akasema atangoja mpaka msimu wa pamba uishe. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, na Maige, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, akaanza kununua masufuria moja moja na kuyaficha uvunguni.

Ikafika Agosti ya tisini na sita. Kaka amepakia pamba ya mnunuzi mmoja binafsi, anatoka nayo Magu. Njiani injini ikaanza kugonga. Mtu yeyote mwenye masikio angesimama. Unajua Dereva alifanya nini? Aliongeza sauti ya redio. Sisingizii, alituambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba Bedford ukiliendekeza linadeka. Likafika Kisesa likapiga kelele moja kubwa, likamwaga oili yote barabarani, likanyamaza. Mnunuzi akahamishia pamba yake kwenye lori jingine, la Mjapani, na kaka akavutwa kwa kamba mpaka Mkolani, ameshika usukani na kupungia watu mkono.

Antoni alifungua injini siku mbili. Siku ya tatu akatuita, akatandaza gunia, akapanga vyuma juu yake.

"Mzee Machibya," akasema, "kranki imekwisha."

Kranki ni ule mhimili wa chuma wenye viwiko, unaosukumwa na pistoni ili gari liende. Ikichakaa huchongwa, ikichakaa tena huchongwa tena, mpaka siku haina nyama ya kuchonga. Ile ya kaka ilishachongwa mara tatu. Juu ya hayo slivu zote sita, ile mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilikuwa zimelika, pistoni mbili zimepasuka, na kwenye bloku palikuwa na ufa wa zamani uliozibwa kwa kuchomelea.

"Unanishauri nini?" kaka akauliza.

"Nakushauri uliuze kama lilivyo. Kuna mtu Butimba anatafuta ekseli na bodi atengeneze tela la trekta. Atakupa hela nzuri. Injini tupa. Ukianza kuitengeneza hii hutamaliza, kila ukiziba hapa itatoboka pale. Na siku hizi magari ya Kijapani yanashuka kila wiki, nani atakupa mzigo kwenye hili?"

Nilishangaa. Antoni ni fundi, na fundi gani anamkataza mteja kutengeneza? Mtu ambaye angekula kwenye kazi hiyo ndiye anayekuambia acha, wewe ungengoja ushahidi gani tena? Malaika ashuke na spana?

Kaka akamwangalia kwa dharau. "Tela?" akasema. "Mwenzangu wa miaka yote hii nimgeuze tela, avutwe na trekta?"

Basi, huo ndio ulikuwa uchambuzi wake wa kiuchumi. Watu wengine wanajiuliza chombo kitaingiza nini na kitakula nini. Yeye anajiuliza lori litajisikiaje.

Wiki ile akaita kikao. Akanialika mimi, Maige, na yule ndugu yetu wa Kisesa anayetunza ng'ombe. Tukakaa uani. Nikajua anataka nini, nikawa nimejiandaa. Nikamwambia: "Kaka, kama ni ng'ombe wa Rose, usifungue hata mdomo. Hao wana mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo."

Maige akainamisha kichwa. Mtoto huyu ana heshima mpaka inakera, akimwona baba yake anasimama hata kama ameshika beseni la maji ya moto.

Kaka akakohoa. Akasema lori likitengenezwa litafanya kazi msimu mmoja tu, ng'ombe watarudi wote na wengine juu yao, na harusi ya Maige itakuwa ya kupigia mfano. Akasema mengi. Kila alipoishiwa maneno alisema "kimsingi", neno alilolisikia kwa wale wenye tai. Nami nikajibu kila kitu alichosema, moja baada ya jingine, mpaka nikaona yule ndugu wa Kisesa hanitazami usoni. Anachora chini kwa kijiti.

"Wewe," nikamwambia, "mbona unachora?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Watano walishakwenda mnadani, dada. Jumanne."

Mtumee! Kumbe tumeitwa kuarifiwa. Vikao vya shirika letu vilikuwa hivyohivyo, mnakaa kujadili jambo lililoamuliwa tangu juzi, kisha mnashukuriwa kwa michango yenu. Nilimtazama kaka nikatamani nimrushie kigoda. Maige aliuliza kitu kimoja tu, "Baba, ni watano tu?" na baba yake akamjibu, "Watano tu, mwanangu, wa kranki," kana kwamba anamwambia anakopa chumvi.

Kranki yenyewe aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Alirudi nayo amekaa mbele kwenye teksi, ameipakata, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta. "Mpya kabisa!" akatangaza tangu barabarani. "Haijawahi kuguswa! Yule bwana amekaa nayo miaka, anasema alikuwa anamngoja mtu anayejua thamani yake."

Antoni akaifungua. Nami nilikuwa nimesimama karibu, kwa hasira zangu, nikaitazama. Ilikuwa mpya kweli, inang'aa, na grisi yake ya kiwandani. Kisha nikaona mwishoni mwake, pale penye bapa, namba zimegongwa kwa mkono. Tarakimu tano, na ile ya katikati, nne, imelala upande kwa sababu muhuri wangu wa kugongea nne ulikuwa na kishikio kibovu.

Nilikaa chini kwenye tairi.

Kranki ile niliitoa stoo mimi, mwaka themanini na tisa, kwa ajili ya lori lilelile. Kwenye vocha iliandikwa kwamba kranki mpya imefungwa. Machibya alisaini kwamba amepokea, Antoni alisaini kwamba amefunga, nami nikasaini kwamba nimeona. Nilikuwa nimeona kitenge cha doti moja na kilo tatu za sukari wakati ambapo sukari haionekani. Kranki mpya ilitoka kwa geti la nyuma ikaenda kuuzwa, na ile iliyochoka ikachongwa ikarudi kazini. Na haikuwa hiyo peke yake. Ni pampu, ni nozeli, ni matairi. Tulikuwa tukiona lori la shirika halina mwenyewe. Sijifanyi malaika hapa, nilikula nami.

"Antoni," nikasema, "soma namba hiyo."

Antoni alikuwa ameshaisoma. Alikuwa anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

Nikamgeukia kaka. "Unajua umenunua nini? Umenunua kranki uliyoiuza mwenyewe. Watoto wako hawana ng'ombe watano kwa sababu ya chuma ulichotoa humohumo ndani ya lori lako. Wewe ndiye uliyeliua hili lori, kaka, ukalinunua maiti, sasa unalinunulia viungo ulivyolikata!"

Nilidhani ataona haya. Nilidhani angalau atanyamaza, kama Antoni. Unajua alisema nini? Aliishika ile namba, akaipapasa kwa kidole gumba, uso ukamchangamka.

"Basi ni ya kwake mwenyewe," akasema. "Itamkubali."

Loo! Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kulia kweli. Ukisema na mtu wa namna hiyo unachosha taya bure. Tulikuwa hapo wezi watatu wa mali ya umma tumezunguka gunia, na mmoja wetu alikuwa na furaha.

Walipoanza kufunga, mambo yakawa kama Antoni alivyosema. Kranki mpya haipatani na slivu zilizolika, basi slivu. Slivu mpya haziendi na pistoni kongwe, basi pistoni. Silinda hedi, kile kifuniko cha injini, ikaonekana imepinda, ikapelekwa kuchongwa, ikapasuka ikichongwa. Pampu ikakataa. Kila nati iliyofunguliwa Mkolani, ng'ombe mmoja alitoka zizini Kisesa. Na kila mara kaka alikuja na sababu ileile, kwamba sasa tumeshaingiza vingi, tukiacha hapa vilivyotangulia vitakuwa vimepotea bure. Nilimwambia vimeshapotea, asivifuate. Akatia pamba masikioni. Oktoba wakawa wamekwisha kumi na wawili. Lori likawaka, likatoa moshi mweupe wa kutosha kuficha nyumba ya jirani, na kaka akamchinja wa kumi na tatu kwa furaha. Nyama ile sikuila. Maige alikula, kwa sababu baba yake alimpa mkononi mbele ya watu.

Wiki iliyofuata kaka akavaa koti akampakia Maige, nami nikapanda nishuhudie, tukaenda Kisesa kwa Nkwabi. Nkwabi ni mzee mfupi, mtaratibu, anasikiliza mpaka mwisho. Kaka akampa salamu ndefu. Kisha akamweleza kwamba ng'ombe kwa sasa hawapo, ila wamegeuka mtaji, na mtaji wenyewe ni ule pale nje. Misimu miwili ya pamba, kumi na wawili watakuwa wamerudi. Ikibidi lori litabeba pamba ya Nkwabi mwenyewe bila malipo.

Nkwabi akatoka nje. Akalizunguka lori mara moja, mikono nyuma, kama anavyozunguka mnyama mnadani. Akagonga bodi. Akainama akatazama chini, palipokuwa pameanza kudondoka oili.

"Mzee mwenzangu," akasema, "linazaa?"

Kaka akacheka, akidhani ni utani wa wakwe.

"Nakuuliza. Likikaa kwangu miaka mitano, yatakuwa malori mangapi?"

Nkwabi akamgeukia Maige, akamshika bega kwa upole, akamwambia, "Kijana, wewe sina ubaya na wewe." Akaingia ndani. Kabla ya Noeli tukasikia Sabina ameposwa na mtu wa Usagara, ng'ombe wakiwa wameshafika uani. Maige alitoa masufuria uvunguni akaniletea nyumbani kwangu. Aliyaweka mlangoni, akasema, "Shangazi, yatakufaa," akaenda zamu yake ya kiwandani. Nimeona misiba, lakini yale masufuria yaliniuma kuliko misiba mingi.

Rose alipata habari mwezi wa kwanza. Alikuja Jumapili mchana kutoka Magu, mtoto mgongoni. Kaka alikuwa ndani ya lori hapa uani, injini inanguruma. Ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, maana betri ilikuwa imekufa, na ng'ombe wa betri hakuwapo. Ukilizima haliwaki mpaka lisukumwe na watu sita. Asubuhi ile tulikuwa tumesukuma mimi, Maige, Antoni na majirani watatu, mpaka mgongo ukalia, na sote tulikuwa bado pale.

"Shikamoo, baba," Rose akasema.

"Marahaba, mwanangu! Umeona? Umelisikia? Panda nikupeleke mjini!"

"Baba, zima nikuambie neno."

Akasita. Alitazama dashibodi, akamtazama binti yake. Nadhani kuna kitu usoni mwa Rose kilichomfanya atii. Akazima.

Maige alitoka mlangoni. Rose hakupandisha sauti, angepandisha ingekuwa nafuu.

"Mimi yule mzee sikumpenda," akasema. "Unajua. Kila mtu hapa anajua. Nililala kwake nikasema, si kitu, kaka yangu ataoa. Kila siku nilijiambia hivyo. Sasa nifundishe, baba. Leo nikirudi kule, nijiambie nini?"

Kaka akafungua mdomo. Akasema, "Kimsingi..." Akaufunga.

"Na nikishindwa," Rose akaendelea, "nikitaka kurudi nyumbani, watataka ng'ombe wao. Utawapelekea nini? Utawapelekea kranki?"

Mtoto mgongoni akaanza kulia. Rose akamtikisa, akaniaga mimi, akamkumbatia Maige, na Maige akalia waziwazi, mwanaume mzima wa miaka ishirini na mitano, mbele ya Antoni na majirani, na hakuna aliyemcheka. Kisha Rose akatoka kwenda barabarani kungoja gari la Magu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kaka akatafuta la kufanya. Akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik.

"Haya," akasema, akitoa kichwa dirishani, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nisukumeni basi, nimpeleke."

Antoni akainua mfuko wake wa spana akaondoka. Majirani wakamfuata. Maige akafuta uso kwa mkono wa shati, akamfuata dada yake barabarani, nami nikajifunga kanga nikatoka nyuma yao. Tulikuwa tumefika kwenye lami na bado tunamsikia kule uani, anatuita kwa majina, mmoja mmoja, tuje tumsukume.